Ua wa mukawa, ua la mukawa

Boma la nyanya yangu kule Machakos lilizungukwa na ua wa mukawa, kichaka cha miiba ambacho watu wa pwani hukiita mtandamboo na Wajaluo ochuoga. Mbuzi hakupenya, mwizi hakupenya. Ulipochanua, yale maua meupe yenye wekundu kidogo shingoni yalinukia hadi jikoni.

Matunda yalianza kijani, yakawa mekundu, kisha zambarau iliyokaribia weusi. Aliyeshindwa kusubiri aliambulia utomvu mweupe uliomnata midomoni, na hiyo ikawa adhabu yake. Aliyesubiri alipata utamu wenye ukali kwa mbali. Shida ni kwamba mukawa hauwezi siri. Tulikuwa tukidai tumeshinda tukichunga, kumbe mbuzi wako kwenye kunde za watu, na ndimi zetu zambarau zikatuumbua.

Nyanya alikuwa na amri moja tu: kichaka kisicho na miiba, usikile. Alikuwa akiogopa msunguti, jamaa wa mukawa mwenye matunda yanayofanana nayo. Huo ndio mti ambao wawindaji wa Kikamba walichemsha kupata sumu ya mishale.

Mizizi ilikuwa ya supu. Alichimbua kipande pembeni mwa shina, akafukia shimo, akakitumbukiza kwenye sufuria ya kichwa na miguu ya mbuzi. Hata wajomba waliokuwa na haraka ya kuondoka walikumbuka ghafla kwamba hawakuwa na haraka.

Nilipojenga pale, niliajiri vijana wawili wang'oe ua wote. Niliwaambia majirani kwamba unaficha nyoka. Ukweli ni kwamba nilitaka ukuta wa mawe na geti la chuma, nionekane nimefika. Kazi ilichukua siku tatu, maana mukawa ukikatwa huchipua tena, ikabidi wafuate mizizi hadi chini. Mizizi ile, toroli kwa toroli, tuliichoma moto.

Juzi magoti yakiniuma, nilimwendea mama anayeuza mitishamba sokoni. Alinipa kifungu cha mizizi myembamba kama penseli, shilingi 100.

"Mbona ghali hivi, mama?"

"Inatoka mbali siku hizi, baba. Hapa kwetu watu wameing'oa yote, wamejenga kuta."

Nikalipa bila kuomba anipunguzie.