Amerudi, au Amekwenda?

Nilikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, na sasa nimeacha kazi kwa sababu ya uzee. Lakini mwalimu mzee hapati kupumzika: watu wa mtaa humletea barua zao awaandikie. Ndivyo mama mmoja wa paroki yetu alivyofika kwangu siku moja, akaketi barazani, akasema: « Mwalimu, niandikie barua kwa wakubwa. Mwanangu amefunguliwa, lakini hana karatasi. »

Jambo lilikuwa hivi. Kijana wake alikamatwa na askari njiani, akitoka sokoni. Walisema ni mtu wa wale wa msituni. Akakaa gerezani miaka miwili. Hakuitwa mbele ya hakimu hata mara moja, hakusomewa kosa lake, hakuulizwa kama anakana au anakubali. Kisha asubuhi moja mlinzi aliita jina lake, akamwambia: « Toka, nenda kwenu. » Basi, ndiyo yote.

Niliandika barua. Jibu halikuja. Wakati ule kijana alikuwa akikutana na swali lile lile kila mahali. Chefu wa mtaa alimwuliza: « Karatasi yako iko wapi? » Wenye kutoa kazi walimwuliza vilevile. Vijana wenzake walinyamaza kila alipopita. Mwezi wa saba akatoweka. Baadaye tulipata habari kwamba ameonekana msituni, ana bunduki. Mtaa wote ukasema: « Tulijua. Amerudi. »

Mama yake akaja tena. Mara hii hakutaka barua. Aliniuliza: « Mwalimu, wanasema amerudi. Mtu hurudi mahali alipokuwa. Nani alionyesha kwamba alikuwako? »

Sikuwa na jibu. Neno lake lilinikaa moyoni, nikaanza kusoma na kuuliza: je, sheria inamjua mtu wa namna hii, aliyefungwa kwa ajili ya vita bila hukumu, akafunguliwa, kisha akashika silaha? Nilikuta kwamba wakubwa wa dunia wamelihangaikia swali hilo zaidi ya miaka 20, kwa sababu ya gereza moja lililo mbali sana na kwetu. Jina lake Guantánamo.

Guantánamo ni kambi ya askari wa Marekani katika kisiwa cha Kuba. Tarehe 11 Septemba 2001 watu wa Al-Qaida waliteka ndege, wakaangusha majumba makubwa ya New York na kuua watu karibu 3000. Marekani ikapiga vita Afuganistani, na tarehe 11 Januari 2002 wafungwa wa kwanza wakashushwa pale Guantánamo. Kwa miaka yote walipita pale watu karibu 780. Waliohukumiwa na korti hawafiki 20. Mwanzo wa mwaka 2025 walibaki 15. Wengine karibu wote walirudishwa makwao au walipelekwa nchi nyingine, bila kuhukumiwa wala kuachiliwa na hakimu.

Sheria ya vita ya zamani ilikuwa na njia yake. Mfungwa wa vita aliweza kufunguliwa akitoa neno lake la heshima: sitashika tena silaha juu yenu katika vita hivi. Mapatano ya La Haye ya mwaka 1907 yanasema kwamba aliyetoa neno hilo, kisha akakamatwa tena na silaha mkononi, amepoteza haki ya kutendewa kama mfungwa wa vita, na anaweza kupelekwa mbele ya korti. Mapatano ya Genève ya mwaka 1949 nayo yanakataza mfungwa wa vita aliyerudishwa kwao kutiwa tena katika kazi ya vita. Angalieni vizuri: pale kuna mtu aliyetambuliwa kuwa askari, na kuna sharti linalojulikana. Akilivunja, kila mtu anaona alichokivunja.

Guantánamo haikuwa hivyo. Mwezi wa Februari 2002 Rais Bush alikata shauri kwamba watu wa Taliban na wa Al-Qaida hawatahesabiwa kuwa wafungwa wa vita. Basi hawakuwa askari. Wala hawakuwa wahalifu waliohukumiwa. Mwaka 2004, katika shauri la Hamdi, Korti Kuu ya Marekani ilikubali kwamba adui anaweza kushikwa wakati wa vita, si kwa kumwadhibu, ila kwa kumzuia asirudi vitani. Neno hilo lina maana kubwa. Kama kifungo si adhabu, basi siku ya kufunguliwa hakuna adhabu iliyokwisha, wala msamaha uliotolewa, wala hatia iliyofutwa. Mtu anatoka kama alivyoingia, yaani hajulikani ni nani.

Sisemi kwamba wote walikuwa kondoo. Hapana. Yuko Msaudi mmoja, Said al-Shihri. Alitolewa Guantánamo mwaka 2007, akapitishwa katika nyumba ya mafundisho ambamo serikali ya kwao hujaribu kugeuza mioyo ya watu wa namna hiyo. Mwezi wa Januari 2009 alionekana katika video huko Yemeni, amekuwa msaidizi wa mkubwa wa Al-Qaida ya nchi ile. Mwaka 2013 wenzake walitangaza kifo chake. Yuko na Msudani, Ibrahim al-Qosi. Huyu alikubali makosa yake mbele ya korti ya askari pale Guantánamo mwaka 2010, akarudishwa Sudani mwaka 2012, na mwisho wa mwaka 2015 akaonekana naye katika video ya watu wale wale wa Yemeni. Mwaka 2019 Marekani ilitangaza zawadi ya hadi dola milioni 4 kwa atakayeleta habari zake.

Watu hawa wawili walikwenda mahali pamoja, na magazeti yaliwaita kwa jina moja: warudia-makosa. Lakini katika sheria za nchi nyingi, mrudia-kosa ni yule aliyehukumiwa kwanza, kisha akakosa tena. Al-Qosi alikuwa amepita mbele ya korti. Al-Shihri hakupita. Mmoja alirudi kwa sheria. Mwingine alirudi kwa maneno ya watu. Bunduki zao zilikuwa sawa, lakini hakimu hawezi kuwasomea maneno sawa.

Marekani yenyewe huhesabu. Taarifa zake zimesema kwa miaka mingi kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita waliotolewa alijulikana kuwa ameingia tena vitani, na wengine wanadhaniwa tu. Walio wengi ni wale waliotolewa kabla ya mwaka 2009. Katika waliotolewa baadaye, hesabu haifiki mmoja katika kila 10. Lakini kuhesabu si kuhukumu. Mtu huandikwa katika hesabu ile kwa habari za wapelelezi, wala haitwi kujibu.

Tena tazameni jambo hili. Mwaka 2014 wakubwa watano wa Taliban walitolewa Guantánamo, wakabadilishwa na askari mmoja Mmarekani aliyekuwa mateka. Baadaye walikaa kwenye meza ya mapatano huko Doha pamoja na Wamarekani, na mwaka 2021 waliingia katika serikali ya Taliban huko Kabul. Tuseme walirudi vitani, au walirudi kazini? Mwenye nguvu hujibu apendavyo.

Basi, mtu aliyefunguliwa bila hukumu, kisha akashika silaha, ni nani mbele ya sheria? Nimefahamu hivi. Akiwa anapigana, anaweza kupigwa, sawa na mpiganaji mwingine yeyote, awe alifungwa zamani au hapana. Akikamatwa, hana haki za mfungwa wa vita kama askari wa serikali; korti ya nchi inaweza kumhukumu kwa matendo yake. Lakini kifungu cha 3 cha mapatano ya Genève kinamlinda hata yeye: asiteswe, asiuawe bila hukumu ya haki. Korti Kuu ya Marekani yenyewe ilikubali mwaka 2006 kwamba kifungu hicho kinawahusu watu wa Guantánamo. Na kile kifungo chake cha kwanza si ushahidi. Kosa linaloitwa « kurudi » haliko peke yake. Kuna kuua, kuna kuteka, kuna kuchoma nyumba. Ataulizwa hayo.

Kukosa hukumu hakuwaumizi wenye hatia peke yao. Mwezi wa Januari 2010, baada ya kijana mmoja kujaribu kulipua ndege ya abiria siku ya Noeli, kwa kazi ya Al-Qaida ya Yemeni, Marekani ilisimamisha kuwarudisha Wayemeni wote. Kijana yule hakuwa Myemeni, wala hakufungwa Guantánamo hata siku moja. Lakini watu ambao wakubwa walikuwa wamekwisha kusema wanaweza kutoka, walikaa tena miaka. Mahali ambapo hakuna hukumu ya mtu mmoja mmoja, wote hubeba mzigo wa mwenzao.

Na sisi wa Kongo? Tunayo sheria ya tarehe 11 Februari 2014, iliyotoa msamaha kwa makosa ya uasi na ya vita. Haikusamehe mauaji ya kimbari, wala makosa makubwa ya vita, wala kunajisi. Na kila aliyeutaka msamaha alipaswa kuandika na kutia sahihi, yeye mwenyewe, akiahidi kwa heshima yake kwamba hatarudia. Sheria hiyo haikuleta amani. Twajua wote yaliyofuata, kwa maana M23, ambao watu wao walikuwa kati ya waliotia sahihi, walianza vita tena mwisho wa mwaka 2021. Lakini kwa mtu aliyetia sahihi ile tunaweza kusema pasipo kukosea: aliahidi, amevunja. Karatasi ipo. Ahadi ni deni.

Kwa mtoto wa mama yule hatuna karatasi, wala ya hukumu, wala ya msamaha, wala ya ahadi. Serikali ilimtoa mlangoni kama mtu anavyomwaga maji. Na mimi, ndugu zangu, niliandika barua moja nikadhani nimemaliza. Sikumshika mkono twende pamoja kwa chefu wa mtaa niseme: huyu namjua, nilimfundisha kusoma. Nyumba ya chefu haiko mbali na yangu.

Nilikwenda kwa mama yake, nikamwambia: « Mama, kama mwanao amemwaga damu msituni, korti ikimpata itamwuliza damu hiyo, wala mimi sitamtetea kwa uwongo. Lakini ya kwamba alikuwa mtu wa msituni tangu mwanzo, hakuna aliyeyaonyesha. Wanaosema amerudi wanasema wasilolijua. Tunalojua ni kwamba amekwenda. »

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: « Mwalimu, niandikie hayo. »

Nikamwuliza: « Tumpelekee nani? »

« Hatumpelekei mtu. Ni ya kwangu. »

Nikaandika, nikatia tarehe na jina langu chini. Akaikunja ile karatasi, akaiweka katika mkebe pamoja na kadi ya ubatizo ya mtoto wake.