Tulivyogeuka Wageni wa Kwetu

Ukitoka Mwanza kwenda Musoma, ukishaipita Lamadi, unafika kwenye kipande cha barabara ambacho mkono wako wa kulia ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mkono wa kushoto, nyuma ya mashamba, ni Ziwa Victoria. Lango la Ndabaka liko hapo hapo kando ya lami. Sisi tuliozaliwa upande huu wa Bunda mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulikulia katika upenyo huo, kati ya mbuga na maji, na katika rika langu sikumjua mtoto aliyewahi kupita getini. Hifadhi ilikuwepo tangu 1951. Tuliijua kwa sauti ya fisi usiku, kwa tembo waliotoka kwenda kunywa ziwani wakapitia kwenye mihogo yetu, na kwa nyama ya nyumbu iliyoletwa gizani ndani ya gunia, ambayo mtoto alifundishwa kuila bila kuuliza imetoka wapi.

Watalii walikuwa watu wa kupita. Tuliona vumbi la Land Rover, mkono mweupe unapunga, basi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa, hata hao wakaadimika, maana wengi wao walikuwa wakitokea Nairobi. Mpaka ulipofunguliwa mwishoni mwa 1983 walianza kurudi kidogo kidogo, lakini sisi tulikuwa na mambo mengine: foleni ya sabuni, bei ya pamba, karo. Ungemwambia baba yangu kwamba mtu mzima mwenye akili timamu atatoa fedha mfukoni ili akamtazame tembo, angekuuliza kama huyo mtu hana shamba.

Safari ya kwanza ninayoikumbuka ilikuwa ya matibabu. Bibi yangu mzaa mama alisumbuliwa na magoti, akaambiwa aende Majimoto. Tulipanda lori la pamba hadi Nyamuswa, kisha tukaendelea kwa miguu na kulala kwa jamaa njiani, kwa sababu chemchemi zenyewe ziko mbali kule Ungoreme, upande wa Mto Mara. Nilitarajia kuona moto. Nilichokiona ni tope la kijivu, mapovu yanayopanda polepole kati ya mawe, na pembezoni ukoko mweupe ambao ng'ombe walikuwa wanaulamba kwa bidii. Nilitaka kuchovya kidole. Mama mmoja wa pale akanishika mkono, akamgeukia bibi: "Mama, hapo juu msiingie, patawababua. Shukeni chini pale kijito kinapopoa."

Kumbe palikuwa na utaratibu mzima ambao mgeni hauoni. Sehemu ya wanawake kuoga, sehemu ya wanaume, sehemu ya mifugo, na mahali ambapo maji huchotwa yakaachwa kwenye karai hadi yafikie joto la kukandia. Yule mama alimkanda bibi magoti kwa kitambaa, akamwonyesha jinsi ya kubonyeza kwa kiganja na siyo kwa vidole. Hakudai kitu. Bibi alimwachia kipande cha sabuni, na mwaka ule kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya heshima.

Baadaye nilipokuwa mwalimu nilijifunza kwa nini maji yale ni ya moto, na jambo hilo bado linanisisimua. Mara haina volkano. Volkano za Tanzania, kama Oldoinyo Lengai, zimefuata Bonde la Ufa na ziko mbali na sisi. Sisi tumekaa juu ya mwamba wa kale sana, itale na mawe ya kijani yenye dhahabu, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji ya mvua huzama katika nyufa za mwamba huo, yakashuka kina kirefu ambako kuna joto la ardhi lenyewe, kisha hupata ufa wa kupandia na kutokeza juu kabla hayajapoa. Tena hayapandi peke yake. Mwamba wa kale una urani na thoriamu ambazo huoza kwa muda mrefu mno na kuzaa heliamu, ndiyo maana gesi hiyo hupatikana katika chemchemi kadhaa za moto za nchi hii. Nikiwaeleza wanafunzi wangu kwamba mapovu ya Majimoto yanatoka kwenye mwamba uliotangulia hata kuwapo kwa samaki duniani, darasa hunyamaza.

Siku hizi vijana wanakwenda kule kwa bodaboda. Wanabeba mayai ya kuchemsha, wanapiga picha, wanarudi jioni. Wapo wanaosema pajengwe bwawa la kisasa kama lile la Olkaria, karibu na Naivasha, ambako Wakenya wamelichukua joto lile lile linalowapa umeme wakalitumia pia kwa bwawa la kuogelea. Wazo hilo naliunga mkono. Ninachoomba ni kwamba atakayempokea mgeni mlangoni awe mjukuu wa yule mama aliyenishika mkono, kwa sababu bila yeye hakuna anayejua wapi panababua.

Kwetu Mara, kilichotufundisha kutoka nyumbani kwenda tu kuona mahali ni kaburi. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Kwa watu wa karibu alikuwa mzee wa kijiji anayetoka kanisani asubuhi na kwenda shambani. Watu walikwenda kwake na shida zao, hakuna aliyekwenda kumtazama. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Mwitongo, pale pale Butiama, tarehe 23, nilikuwa miongoni mwa waliofika kwa miguu. Barabara ilijaa watu hadi magari yakashindwa kusogea. Wengi wetu tulikuwa tumeishi maisha yetu yote karibu na Butiama bila kukanyaga Mwitongo.

Watu hawakuacha kwenda. Mwaka ule ule Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalikuwa yamefunguliwa pale kijijini, na shule zikaanza kukodi magari. Mtoto wa Musoma ambaye hajawahi kufika popote alipelekwa kuona zawadi ambazo Mwalimu alipewa na viongozi na wananchi, kisha Mwitongo kwenyewe: kaburi lake, makaburi ya baba yake Mtemi Burito na mama yake Mugaya, na nyumba aliyojengewa na Jeshi, ambamo aliishi kwa muda mfupi tu. Pimbi wanaota jua juu ya mawe makubwa kana kwamba hakuna mgeni. Ng'ambo kuna msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wameutunza kwa heshima na miiko tangu enzi, na mimi naamini miiko hiyo imeulinda kuliko ambavyo bango lolote lingeweza.

Nilipokuwa nafundisha Musoma nilianzisha matembezi kwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Mwaka 1934 Kambarage Nyerere, akiwa na miaka 12, aliondoka Butiama kwenda kusoma Shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa takriban kilomita 40. Tulikuwa tunashushwa njiani na kutembea kipande cha mwisho kuelekea mjini, tukiwa na chupa za maji na viazi vya kuchemsha. Wenye ukaidi darasani ndio walioongoza msafara. Kila tulipopumzika chini ya jiwe palitokea mzee wa kuuliza tunakwenda wapi, na akishaambiwa, anakaa chini na kusimulia: huku palikuwa na kisima, huku wafanyabiashara wa ng'ombe walilala, huku chui alimchukua mbuzi wa fulani. Siku hizi wapanda baiskeli wa msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam hadi huku. Nawapenda sana watu wale. Lakini atembeaye kwa miguu ndiye anayepata wazee wa mawe.

Musoma yenyewe ilibadilika taratibu zaidi. Tulipokuwa wadogo ufukwe wa Mwigobero ulikuwa wa kazi: mitumbwi, samaki, nguo za kufuliwa, na onyo la kila siku kuhusu mamba na kichocho. Furu walioanikwa juani ndio waliokuwa mboga ya maskini. Sangara alipoongezeka miaka ya 1980 furu wakatoweka karibu wote, viwanda vya minofu vikaja, na mji ukapata fedha na harufu mpya. Leo huko Makoko watu wanakaa kwenye viti vya plastiki jua linapozama ziwani, wanakula sato wa kukaanga kwa ugali wa muhogo. Ni starehe ya haki kwa mtu aliyefanya kazi wiki nzima.

Ndani ya Serengeti nilipita kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, na wanafunzi. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo, wakati mgeni wa kutoka nje hulipa mara nyingi zaidi. Kinachotushinda sisi ni gari. Tulichangishana tukakodi basi dogo. Ilikuwa Juni, nyumbu wamefika ukanda wa magharibi, na huko Kirawira kwenye Mto Grumeti mamba walikuwa wamelala kingoni na mbega weusi kwa weupe juu ya miti. Msichana mmoja wa Kunzugu, kijiji kilichopakana kabisa na hifadhi, alimtazama simba jike kwa muda mrefu kisha akasema, "Mwalimu, kumbe ni mdogo hivi." Nyumbani kwao simba alikuwa mngurumo wa usiku na ng'ombe aliyekutwa amekufa asubuhi. Hakuwahi kumwona mchana akiwa amepumzika na watoto wake. Njia nzima ya kurudi alikuwa anauliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu, na mwaka uliofuata alichagua biolojia.

Sasa nifike Nyatwali, mahali ambapo moyo wangu uko.

Nyatwali ni eneo la Bunda lililokaa kwenye ule upenyo niliousema, kati ya barabara na Ghuba ya Speke. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Tamau, huko huko Nyatwali. Ndiye aliyenifundisha kusoma ardhi ya ziwani. Alikuwa anasimama kwenye njia, ananionyesha kichaka kilichopakwa mavi hadi usawa wa kiuno. Kiboko hutawanya mavi kwa mkia, alisema. Yakiwa yamekauka, pita, amekwishapita jana. Yakiwa mabichi na majani yanadondosha maji, rudi ukae juu ya jiwe mpaka jua litoke. Alijua ni ghuba ipi ndogo tembo huingilia mwezi wa Agosti, na mahali ambapo mwanamke hachoti maji hata kama ni karibu na mlango wake. Usiku wa tembo walipiga madebe, waliwasha mienge, na asubuhi walihesabu mashina ya mihogo yaliyobaki.

Tembo nao walikuwa na haki yao. Katika eneo lote la Serengeti ni Mto Mara tu usiokauka, na uko kaskazini. Grumeti na Mbalageti wakati wa kiangazi hubaki madimbwi. Mnyama wa ukanda wa magharibi akiona kiu anaelekea ziwani, na ziwa lilikuwa nyuma ya nyumba ya mjomba. Miaka ya karibuni serikali iliamua kwamba Nyatwali iachwe wanyama wapate njia ya kufika majini. Wakazi walifanyiwa tathmini, wakalipwa fidia, wakahama. Najua sababu na naikubali: nimeona shamba lililokanyagwa na nimemzika jirani aliyeuawa na tembo. Pia nimemwona mjomba, mtu aliyezaliwa pale na baba yake kuzaliwa pale, akizunguka makaburi ya wazazi wake bila kusema neno. Mambo yote mawili ni kweli na sitaki kulipunguza hata moja.

Siku moja mgeni atasimama Tamau na kuona kitu ambacho hakionekani popote pengine Serengeti, kundi la tembo likiingia kwenye maji yasiyo na ng'ambo. Nataka hilo litokee. Watanzania wajae pale, wa Bunda wakiwa wa kwanza. Lakini kama atakayewaongoza atakuwa amesomea kila kitu isipokuwa mahali penyewe, atawaambia uzito wa tembo na muda wa mimba yake, na wataondoka bila kujua kwamba walisimama juu ya mwalo wa wavuvi, kwamba jiwe lile liliitwa kwa jina la mwanamke aliyejificha hapo na watoto wake usiku mzima, kwamba mstari wa mikatani kule juu ulikuwa uzio wa mtu.

Kwa hiyo jioni nakwenda kwa mjomba, ambaye sasa anaishi mjini Bunda, mtaa ambao dirisha lake linatazama ukuta. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwalimu. Umekuja na kitabu chako?" Anachora kwa kijiti kwenye mchanga wa uani, mimi nanakili kwenye daftari: mialo, mawe, njia za viboko, visima, nani alikaa wapi. Anakasirika nikikosea jina. Binti yake aliyemaliza chuo cha utalii anakaa nasi, na maswali yake ni mazuri kuliko yangu, kwa sababu anauliza kama mtu atakayesimama pale mbele ya watu na kuulizwa. Upande wa Tamau tumeumaliza. Wiki ijayo ndugu yake mjomba anakuja kutoka Kibara, naye ndiye aliyevua upande wa kusini kwa miaka mingi, na ameshatuma ujumbe kwamba ile njia ya tembo tuliyoichora juzi si mahali pake.