Gitaa Lililofungiwa Stoo

Nyumbani kwetu, huku wilaya ya Mbulu, gitaa lilikaa stoo zaidi ya mwaka mmoja, limeegemea magunia ya mahindi. Tuliolifungia humo ni sisi wenyewe, baba na mama wa nyumba.

Lilikuwa gitaa la kijana wetu. Mwaka 2022 tulimpa fedha za ada ya chuo, naye akachukua sehemu yake akanunua gitaa kavu, lile ambalo watu wazima huliita galatoni kutokana na magitaa ya Gallotone yaliyotengenezwa Afrika Kusini. Tulikasirika mno. Tulimwambia kwamba hicho ni chombo cha vilabuni na kwamba hakitamlisha. Baba akalichukua, akapiga kufuli. Kesho yake kijana akaondoka na begi moja kwenda Katesh, wilaya ya Hanang, akawa dereva wa bodaboda. Hakupiga simu, wala sisi hatukupiga. Tulisema, "Njaa ikimbana atarudi mwenyewe." Hakurudi.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tulipokuwa tukitoka kanisani, habari zikatufikia. Baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalikuwa yameporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani. Baadaye ilijulikana kwamba watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku ile sisi tulijua jambo moja tu: simu ya mtoto wetu haipatikani. Mmoja wetu ni muuguzi, amezoea kuwatuliza wazazi wa watu kwenye benchi la wodi. Usiku ule hakuwa na neno la kujituliza yeye mwenyewe. Tulikaa jikoni na simu mkononi mpaka moto ukazimika.

Jumatatu jioni ndipo alipopiga. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Mimi ni mzima." Alikuwa ameshinda akifukua tope pamoja na wenzake. Tulilia wote wawili. Kabla ya kukata simu akauliza, "Lile gitaa bado lipo?" Tukamjibu kwamba lipo.

Tulipofungua stoo tukakuta panya wametafuna mfuko wake na uzi mmoja umekatika. Tulilipangusa vumbi kimya kimya. Hatukujua namna ya kumwomba mtoto msamaha kwa simu. Tukaona afadhali kwanza tukijue kitu tulichomkataza.

Basi Januari 2024 tukaagiza nyuzi mpya Babati, tukamwendea mwalimu wa kwaya, kijana wa rika la mtoto wetu, tukamwomba atufundishe. Akina mama wenzetu, aibu ile ilikuwa ngumu kuliko nyuzi zenyewe. Watoto wa shule ya Jumapili walichungulia dirishani na kucheka. Jirani akauliza kama tunataka kuanzisha bendi. Baba watoto alitaka kuacha siku ya tatu.

Mwalimu alianza na kulilinganisha gitaa. Nyuzi ni sita, na kutoka ule mnene ulio juu hadi mwembamba ulio chini huitwa E, A, D, G, B na E. Unabonyeza uzi wa sita, yaani ule mnene, kwenye nafasi ya tano ya shingo ya gitaa. Sauti inayotoka ndiyo inayotakiwa kutoka kwenye uzi wa tano ukiwa wazi. Wa tano hulinganisha wa nne kwa njia hiyo hiyo, na wa nne hulinganisha wa tatu. Wa tatu hubonyezwa nafasi ya nne ili kuupata wa pili, kisha wa pili hubonyezwa tena nafasi ya tano ili kuupata wa kwanza. Siku hizi zipo pia programu za simu za kazi hiyo, lakini mwalimu alitaka masikio yetu yafanye kazi kwanza.

Kisha zikaja kodi. Si zile za serikali! Wapigaji huita hivyo sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa E maina, ambayo huhitaji vidole viwili tu: uzi wa tano na wa nne, vyote nafasi ya pili. Baada yake tukafundishwa G, C na D. Hapo mwalimu akatuambia neno lililotutia moyo: "Mama, hizi mnazijua tangu zamani. G ni do, C ni fa, D ni so." Kumbe miaka yote tuliyosoma nota za do-re-mi kwenye kwaya haikupotea! Nyimbo nyingi za ibada zinatosheka na sauti hizo tatu.

Kwa mama anayetaka kuanza, tuna machache ya kumwambia. Kata kucha za mkono wa kushoto ziwe fupi kabisa. Usifanye mazoezi mara tu baada ya kufua au kuosha vyombo, kwa sababu ngozi iliyolowa ni laini na nyuzi huiumiza upesi. Ncha za vidole zitauma kwa wiki kadhaa, kisha zitaota sugu. Likitoka lengelenge usilitumbue. Pumzika mpaka lipone. Lakini ukisikia ganzi mkononi au maumivu ya kifundo, acha siku hiyo, hayo si ya kuvumilia. Dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Sisi tulifanya baada ya chakula cha jioni, tukipokezana, mmoja akipiga na mwenzake akihesabu kwa saa ile ile ya kupimia mapigo ya moyo ya wagonjwa: pigo moja kila sekunde, polepole, bila kukimbia. Mwezi mzima tulibadilisha G kwenda C, na C kwenda D, kabla hatujathubutu kuimba juu yake.

Jambo jingine hatukulitarajia. Katika dakika hizo 15 tulianza kuzungumza. Kwa muda mrefu maneno yetu yalikuwa ya mbolea, ada na zamu za usiku. Sasa tulicheka makosa yetu, na siku moja baba akasema, "Tulimfukuza mtoto kwa kitu tusichokijua." Ilichukua miezi hiyo yote maneno hayo kutoka.

Pasaka ya mwaka huo, tarehe 31 Machi, alasiri, tulikuwa tumeketi uani na gitaa. Hatukusikia pikipiki ikizimwa barabarani. Tulipoinua macho alikuwa amesimama penye ua, kofia ya pikipiki mkononi, anasikiliza. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Hakuna aliyejua aanze vipi. Mwishowe akasema, "Baba, uzi wa tatu umelegea."

Baba akampa gitaa. Akalilinganisha kwa dakika moja, sisi tukimtazama mikono. Kisha akamrudishia baba yake, akachuchumaa mbele yake, akakishika kidole chake cha pete na kukiweka mahali pake. Msamaha tuliuomba usiku ule, kwa maneno, kwa sababu gitaa haliwezi kusema kila kitu. Naye akaomba wake juu ya zile fedha.

Hakurudi kukaa nyumbani. Bado yuko Katesh na bodaboda yake, na habari ya chuo tunaizungumza polepole, pigo moja kila sekunde. Gitaa alilichukua, nasi tukanunua jingine la zamani. Nyimbo tunazozijua ni tatu, na F bado inatushinda. Akija huketi na kutusahihisha, na sisi wazazi wake tunakubali kusahihishwa.

Mama msomaji, huenda kwako pia kuna kitu cha mtoto ulichokifungia stoo. Kabla hajaondoka, kitoe umwombe akufundishe.