Jiwe na Zeze

Babu yangu, kaka yake bibi, hakuzaliwa askari. Alikuwa mchunga ng'ombe wa Iramba, hodari wa kupiga zeze. Vita Kuu ya Pili vikamchukua, asirudi. "Alimezwa na maji," bibi alituambia, nasi wa Singida bahari hatukuijua.

Karatasi aliyoihifadhi bibi ilitaja Kikosi cha Mizinga 301 cha Afrika Mashariki. Nami, karani niliyezoea majalada, niliifuata. Kikosi hicho kiliondoka Mombasa Februari 1944 katika meli Khedive Ismail, kikielekea Ceylon. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iliyojificha chini ya maji iliipiga. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Wakafa watu 1,297.

Nairobi, kwenye makaburi ya vita, lipo jiwe la ukumbusho wao. Nilisimama mbele yake nikalia. Lakini jiwe hutaja kifo, halitaji zeze. Nikarudi Iramba, mzee mmoja akaniimbia wimbo aliojifunza kwa babu, nikauandika.

Ndugu mwalimu, wanafunzi wako na wawaulize wazee wao leo. Kesho ni mbali.