Tapeti Nane

Watu wakisikia injini imekufa, kitu cha kwanza wanachouliza ni pistoni. Pistoni ina jina, hata mtoto wa shule anaijua. Kamshafti haina bahati hiyo. Imelala ndani ya bloku, gizani, ukifungua boneti huioni, na siku ikianza kulika hailipuki wala haitoi moshi. Inapunguza tu. Gari linakosa nguvu kwenye kilima, linatoa kale kamlio ka tiki-tiki-tiki, mwenye gari anaambiwa "hizo ni tapeti tu, mama, tutazikaza", na maisha yanaendelea mpaka siku yanapogoma kuendelea.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Morris ya shangazi yangu.

Morris Minor zilitengenezwa Uingereza tangu 1948 hadi 1971, zaidi ya milioni moja na laki sita. Aliyeibuni ni Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini baadaye. Ya shangazi ni ya mwaka 1964, sisi 1098. Aliinunua mkononi mwa mtu, kwa mshahara wa ukunga, na wako watu wazima hapa Dar es Salaam ambao safari yao ya kwanza duniani ilikuwa ndani ya Morris ile, wamefungwa kanga. Kwa hiyo msiniulize kwa nini hataki kuiuza.

Mwaka 2021 aliipeleka gereji moja, sitaitaja, injini ikashushwa, ikafungwa upya na kamshafti mpya kabisa. Hela ilikuwa ya kiinua mgongo. Haukupita mwezi, tiki-tiki ikaanza. Ikawekwa juu ya mawe, ikafunikwa turubai, na shangazi akaacha kuizungumzia, jambo ambalo nyumbani kwetu ni baya kuliko kulia.

Mwaka 2023 binamu yangu aliyeko nje akatuma kamshafti nyingine. Safari hii kazi alipewa mzee mmoja wa Gerezani, ambaye mimi nilikuwa nashinda kwake jioni kushika taa na kuosha vyuma kwa petroli. Wenzangu wa kijiwe cha uandishi walinicheka: jamani, mtu anaacha kalamu anashika spana? Niliwaacha wacheke. Pale gerejini kulikuwa na mzee anayetaja kila kitu kwa jina lake na hasemi neno ambalo halina kazi. Kijiweni kwetu mtu wa namna hiyo hatukuwa naye.

Tulipofungua, kamshafti ya zamani ilitoka na ushahidi. Kamshafti ni mhimili wenye nundu, na kwenye injini hii nundu za valvu ni nane. Kila nundu ina umbo kama la yai. Cheni inaizungusha kwa nusu ya mwendo wa krenki: injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, kamshafti inazunguka 1500, maana yake kila valvu inafunguliwa mara 25 katika sekunde moja. Nundu haigusi valvu yenyewe. Inasukuma tapeti, ambayo ni kikombe kidogo cha chuma. Tapeti inasukuma fimbo, fimbo inasukuma roka, roka inafungua valvu. Sasa nundu tatu za kamshafti ile zilikuwa zimelika mpaka yai limekuwa duara. Duara halifungui kitu.

"Unaona?" Fundi akasema. "Waliweka kamshafti mpya, tapeti za zamani. Tena walizitia zote kwenye kopo moja, wakazirudisha kwa kubahatisha."

Hapa ndipo penye siri ambayo mafundi wengi wa haraka wanairuka. Ukiitazama tapeti kwa jicho la kawaida, uso wake unaonekana bapa. Si bapa. Umebinuka kidogo sana katikati, na haikai sawasawa juu ya nundu, inaangukia pembeni kidogo. Kwa hiyo nundu inapopita chini yake, inaisukuma na pia inaizungusha. Tapeti inayozunguka inasambaza mkwaruzo wake kila upande. Iliyogoma kuzunguka inakwaruzwa pale pale mara 25 kwa sekunde, na haitachukua muda italika na nundu pamoja. Tapeti na nundu zilizofanya kazi pamoja zinazoeana kama mguu na kiatu. Ukirudisha kamshafti ya zamani, kila tapeti irudi kwenye nundu yake ile ile, na ndiyo maana Fundi huzipanga kwenye boksi la mayai lenye namba. Lakini ukiweka kamshafti mpya, tapeti zote nane ziwe mpya. Hapo hakuna mjadala.

Mjadala ulikuwepo, kwa sababu binamu alituma kamshafti peke yake.

Nilitumwa mimi kumwambia shangazi. Alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sema shida yako."

Nikasema. Akaendelea kuchambua. Kisha akaniambia, bila ukali, maneno ambayo yalinikaa: "Mwanangu, kila fundi niliyempata alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki. Huyu wako ana vinane."

Ningejibu nini? Alikuwa na haki. Aliyeshaibiwa kwa maneno ya kitaalamu hawezi kuponywa kwa maneno mengine ya kitaalamu. Nikarudi gerejini, Fundi akanipa tapeti mbili za zamani na mbili mpya alizoazima kwa jamaa yake mwenye duka la spea. "Usimweleze," akasema. "Mpe ashike."

Nikamfanyia hivyo. Nikachukua zile mpya mbili, nikazikutanisha uso kwa uso, nikazielekeza dirishani. Zilicheza, zilibembea juu ya mbinuko wao, na ukingoni ulipita mwanga mwembamba kama uzi. Nikampa zile za zamani. Akazikutanisha. Hazikucheza. Mwanga haukupita ukingoni, kwa sababu katikati zilikuwa zimebonyea. Akapitisha kidole gumba juu ya uso wa moja, polepole, na nilikumbuka kwamba vidole vile vimefanya kazi miaka thelathini kwa kugusa kisichoonekana. "Ina vishimo," akasema. Kisha: "Kwa hiyo wale waliniwekea hizi?"

Kesho yake alitoa hela ya upatu. Zamu ilikuwa yake, na najua ilikuwa imepangiwa paa.

Kuanzia hapo sikuthubutu kuchukua kitu kwa wepesi. Kamshafti iliingia taratibu, imeshikwa kwa mikono miwili, nundu zisikwaruze beringi. Mbele yake inakaa sahani ndogo ya kuizuia isitoke. Ina upande mmoja wa metali nyeupe, na upande huo ndio unaotazama kamshafti. Ukigeuza, chuma kinasaga chuma. Ikishafungwa, kamshafti isukumwe mbele na nyuma kwa mkono: nafasi yake inatakiwa iwe kati ya milimita 0.08 na 0.18. Yetu ilikuwa 0.12.

Halafu meno ya cheni. Gia ya krenki na gia ya kamshafti kila moja ina alama ya nukta. Pistoni ya kwanza na ya nne zikiwa juu kabisa, nukta hizo zinatazamana kama watu wawili mlangoni. Kabla ya hapo Fundi aliweka rula ya chuma juu ya gia zote mbili kuona kama ziko usawa mmoja. Ya krenki ilikuwa ndani kidogo, akaongeza shimu nyembamba nyuma yake, kwa sababu cheni inayokwenda upande inajikata yenyewe. Tukazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Nukta zikakutana tena. Fundi akasema tuzungushe mara nyingine miwili. Zikakutana.

Ikabaki sahani ya kurushia oili mbele ya gia ya krenki. Yetu ina herufi F, na F inatazama nje. Kitu kidogo, lakini ukikiweka kinyume, oili itavuja mbele na utamlaumu aliyeuza sili. Tapeti zenyewe tulizipaka grisi nyeusi ya molibdeni usoni na oili ya kawaida ubavuni, zikaingia kwa kudondoka taratibu, kila moja ikizunguka kwa kidole. Moja haikuzunguka vizuri. Fundi akaitoa, akakuta chembe ya uchafu, akaosha tundu, akairudisha.

Nafasi za valvu zilikuwa milimita 0.30, kwa ile hesabu ya tisa: valvu ya nane ikiwa imefunguka kabisa, pima ya kwanza, ya sita ikifunguka, pima ya tatu. Jumla iwe tisa daima.

Na oili. Tangu miaka ya 1990 viwanda vimekuwa vikipunguza zinki na fosforasi kwenye oili za magari ya petroli, kwa sababu vinaharibu kataliti ya ekzosi. Gari jipya halidhuriki. Tapeti za namna hii zinaihitaji ile zinki, hasa dakika za mwanzo. Fundi alizunguka maduka matatu akisoma makopo kwa miwani na lenzi mpaka akapata inayofaa.

Siku ya kuwasha, sheria ilikuwa moja: isisailensi. Nundu hazina bomba lake la oili, zinalowa kwa oili inayorushwa na krenki, na krenki ikizunguka polepole hairushi ya kutosha. Kwa hiyo inawashwa na kupandishwa hapo hapo hadi kama mizunguko 2000, inashikiliwa dakika 20. Majirani walidhani tumerukwa na akili. Shangazi alisimama dakika zote 20, mkoba mkononi, akiangalia saa kama vile anahesabu uchungu wa mzazi. Fundi alipoachia mafuta, injini ikashuka, ikatulia. Tulisikiliza. Hapakuwa na tiki-tiki.

Shangazi hakushangilia. Aliomba zile tapeti mbili za zamani, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaendesha mwenyewe mpaka ile gereji ya kwanza. Nilikuwa pembeni yake. Hakudai hela wala hakupandisha sauti. Alimwita kijana aliyefunga ile injini, akamwambia azikutanishe uso kwa uso, azitazame juani. Yule kijana alitazama muda mrefu. Nyuma yake kulikuwa na gari jingine juu ya mawe, injini imefunguliwa, na kopo limejaa vyuma.

Tulipokuwa tunaondoka niliona pindo la kanga limefunguka.

"Shangazi, tapeti zako?"

"Nimemwachia," akasema, akaingiza gia. "Hajamaliza lile."