Jakamoyo

Wanaonisoma wamezoea kunikuta katika mambo ya katiba, bajeti na mwenendo wa vyama vyetu. Leo nitaandika kuhusu hofu yangu mwenyewe, ingawa, kama msomaji atakavyoona, siasa haikukaa mbali nayo.

Juni 2019 nilinusurika katika ajali ya basi kwenye barabara ya Morogoro, karibu na Mikese. Mdogo wangu, niliyekuwa nimeketi naye, hakunusurika. Tulimzika, tukakaa matanga, arobaini ikafika, nikarudi darasani. Watu walinisifu kwa uimara, na kwa kweli nilistahimili: nilikula, nililala, nilisahihisha mitihani. Februari 2021 baba yetu aliugua siku sita, akafariki akiitafuta pumzi. Tangu mwishoni mwa Aprili 2020 nchi yetu ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za korona, na msemo uliozagaa midomoni ulikuwa "changamoto ya upumuaji". Wasifu wa marehemu uliosomwa siku ya maziko ulisema tu kwamba aliugua kwa muda mfupi. Kila aliyekuwapo alikuwa na neno kichwani, na hakuna aliyelitamka.

Wengi hudhani hofu ni kama kidonda, kwamba huwa kubwa siku ya kwanza kisha ikapungua kadiri siku zinavyokwenda. Yangu ilikwenda kinyume. Ilianza baada ya kumzika baba, na kila mwezi ikasogeza mipaka yake kama mvamizi wa shamba asiyekemewa. Kwanza ilinikataza mabasi ya mikoani. Kisha daladala, hasa konda anapogonga bodi. Kisha simu inayolia usiku, na hatimaye simu inayolia saa yoyote. Mwaka 2023, nikiwa mbele ya wanafunzi wapatao 300 nikifundisha Azimio la Arusha, moyo ulianza kwenda mbio, mikono ikalowa jasho, nikaamini kwamba ninakufa pale pale. Nilipimwa moyo. "Mzima kabisa, Dokta," niliambiwa, "pumzika tu." Faraja ya majibu hayo ilidumu siku tatu.

Wapo walionishauri nizidishe sala. Nilizidisha, na sala ilinifaa, lakini haikunipandisha kwenye basi.

Nilipotafuta jina la jambo hili nilistaajabu kuona kwamba lugha yetu ilikuwa nalo tangu zamani. Jakamoyo, kihoro, fadhaa. Hata kiherehere, neno ambalo leo tunamrushia mtu anayejipendekeza, kamusi bado inakumbuka kuwa ni moyo kwenda mbio kwa wasiwasi. Mtaani tumebakiwa na kauli mbili. Ya kwanza ni "ana mawazo", nayo haidai tiba yoyote. Ya pili ni "huyo wa Mirembe", ambayo huigeuza hospitali ya taifa iliyoko Dodoma kuwa tusi. Kati ya kauli hizo mbili hapana mahali pa kusimama mtu anayefanya kazi, anayelipa ada za watoto, na asiyeweza kupanda basi.

Treni ya umeme ilipoanza safari za Morogoro Juni 2024 nilishukuru kuliko waziri wa uchukuzi. Nikawa nasafiri kwa treni tu. Mwanasaikolojia niliyekuwa nimeanza kumwona, dada aliyenizidi utulivu japo nimemzidi umri, aliisikiliza furaha yangu mpaka mwisho kisha akasema: "Dokta, hiyo treni ni nzuri, lakini kwako imekuwa mahali pa kujificha." Maelezo yake yalikuwa mepesi. Kila unapokikwepa kitu, moyo hutulia. Na ubongo, kwa kuona umetulia, huandika kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa. Kesho yake hudai ukwepe zaidi. Hofu ikiachwa ipande bila wewe kukimbia, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe. Mwili hauwezi kukaa kileleni siku nzima.

Tukapanga ngazi. Daraja la kwanza lilikuwa kusimama katika stendi ya Magufuli, Mbezi, bila kusafiri, mpaka moyo utulie. Siku ya kwanza ilinichukua dakika 40, katikati ya wapiga debe, mmoja wao akiwa ameshalikamata begi langu akiamini mimi ni abiria wake wa Arusha. Daraja la pili ni kuketi ndani ya basi lililosimama. Kisha Kibaha na kurudi, mara sita. Kisha Chalinze. Mikese nilifika mwezi wa nne wa kazi hiyo, nikashuka, nikanunua machungwa.

Suala la baba halikuwa na ngazi. Huko nilitakiwa kutamka. Katika kikao cha familia niliomba nafasi nikasema kwamba, kwa imani yangu, baba alikufa kwa korona, na kwamba ningependa tuseme hivyo tunapomzungumzia. Baba mdogo alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hata mimi nililijua, mwanangu. Nilikuwa nangoja nani aanze." Wanaodhani kwamba ukimya wa serikali huishia kwenye takwimu waende wakakae katika vikao vya familia.

Pale Mikese nilikutana na kundi jingine ambalo sijawahi kulisikia katika taarifa yoyote ya ajali. Waliotutoa kwenye basi lile walikuwa wanakijiji, kwa mashoka na mikono mitupu, kabla ya polisi kufika. Mama mmoja anayeuza machungwa aliniambia kwamba huwa anasikia breki usiku, hata zile ambazo hazikupigwa. Si ajali moja aliyoishuhudia. Taarifa zetu huhesabu marehemu na majeruhi, na majeruhi ni aliyevunjika mfupa. Mama huyu hayumo. Mimi nina mshahara, naishi Dar es Salaam, nikapata wa kunisikiliza. Yeye amwone nani, na kwa nauli ipi?

Haidhuru tukiangalia majirani zetu. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani namna ya kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hawakutumia maneno ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo ni ndugu wa "mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za waliohudumiwa zilipungua sana kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida. Sisi tunao wahudumu wa afya ya jamii na tunazo zahanati za vijiji kando ya barabara ile ile. Benchi si mradi wa mkopo wa nje.

Mwezi ujao nitakwenda Dodoma na wanafunzi wangu kwa kazi ya utafiti. Tutakwenda kwa basi. Simu, usiku, bado nailaza sebuleni.