Saza: Dhahabu Chini, Jua Juu

Ukitaka kwenda Saza usidhani kwamba iko jirani na Tunduma, ingawa zote mbili zimo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tunduma iko kusini, mpakani mwa Zambia, mji wa malori na wabadilisha fedha. Saza iko kaskazini, upande wa Ziwa Rukwa. Wasafiri wengi watokao Tunduma hupita Vwawa na Mlowo, penye mibuni, hufika Mbalizi katika Mkoa wa Mbeya, kisha hukata kushoto na kuingia tena Songwe kwa njia ya Galula na Mkwajuni. Huko ubaridi wa Mbozi husahaulika, na joto la bonde la Rukwa humlaki mgeni.

Sifa ya Saza si ya jana. Dhahabu ya Lupa ilivumbuliwa mwaka 1922, na watu wakamiminika kutoka kila pande. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi tangu mwaka 1939 mpaka 1956, ukawa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika. Kisha ukafungwa. Wageni wakaenda zao, wenyeji wakabaki na mashimo. Siku hizi dhahabu imerudi: mgodi wa New Luika ulianza kuitoa mwaka 2012, na wachimbaji wadogo wana makarasha yao yanayosaga mawe.

Lakini mwaka 2014 mgodi huo wa New Luika, uliotegemea jenereta za dizeli, ulianza kutumia pia umeme wa jua, na kufikia mwaka 2017 mitambo yake ya jua ilikuwa na uwezo wa zaidi ya kilowati 600. Hayakuwa mapambo. Dizeli husafirishwa kwa malori katika njia ndefu, na jua huja lenyewe kila asubuhi. Basi tujiulize: ikiwa jua hili linafaa kusaidia mgodi, je, halifai kusaidia darasa?

Lafaa, na liko jambo la kutuonyesha. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Janice Lathen, alitembelea Shule ya Sekondari Banjika, wilayani Karatu. Kutokana na safari ile likazaliwa shirika lisilo la faida liitwalo Powering Potential, likashirikiana na taasisi ya Kitanzania kupeleka kompyuta za umeme wa jua katika shule za vijijini. Walichagua kompyuta ndogo sana, Raspberry Pi, kwa sababu hula umeme kidogo mno. Ndani ya mtambo huweka maktaba ya masomo ambayo mwanafunzi huisoma bila intaneti. Kwa hiyo hata shule iliyo mbali na mnara wa simu yaweza kuwa na vitabu vingi kuliko kabati lake.

Sasa tuvuke bahari mpaka Kinyasini, Unguja. Huko Chuo cha Barefoot, chenye asili yake Tilonia nchini India, kilifunguliwa mwaka 2015. Wanafunzi wake ni akina mama wa vijijini, na wengine hawakusoma sana. Kijiji chenyewe humchagua mama, naye hufundishwa kwa mikono na kwa rangi za nyaya namna ya kufunga na kutengeneza mitambo ya jua. Akirudi nyumbani, ndiye fundi. Kwa nini mama mtu mzima? Kwa sababu kijana akipata ujuzi huenda akakimbilia mjini, bali mama mwenye familia yake hubaki.

Hapo ndipo penye kiini, msomaji. Paneli zikitunzwa zaweza kudumu miaka ishirini na zaidi, lakini betri hazidumu hivyo. Betri za kawaida za risasi na asidi, zikinyonywa kila usiku mpaka zikauke, hufa mapema. Zikitunzwa vema, nyingi hufika miaka mitatu mpaka mitano tu. Siku ya kukabidhi msaada kuna ngoma na hotuba. Siku ya betri kufa hakuna mgeni. Ndipo darasa hurudi gizani huku paneli zinang'aa bado juu ya bati, kama shimo la mgodi uliohamwa.

Kwa hiyo shule ya Saza, au yako popote ulipo, ikiletewa habari ya wafadhili, tuwapokee kwa heshima, kisha tukae nao tuulize. Nani miongoni mwetu atafundishwa ufundi? Funguo zitakaa kwa nani? Wazazi watachanga kiasi gani kila muhula, waweke akiba ya betri mpya? Mwalimu aliyejifunza mtambo akihamishwa, atamwachia nani kazi? Mfadhili mwema hachukizwi na maswali haya. Hufurahi, maana huona kwamba amepata mwenzi, si mwombaji.

Wazee wetu wa Saza hawakuulizwa neno mgodi ulipokuja, wala ulipofungwa. Sisi tunaweza kuulizwa, nasi tunaweza kujibu. Tuanze na daftari la akiba ya betri, hata kabla paneli ya kwanza haijapandishwa darini.